Fuvu la Broken Hill katika Nchi ya Lesa

Reli iliyotoka kusini mwa Afrika ilifika Broken Hill, mji ambao leo unaitwa Kabwe, mwaka 1906. Ilifuata risasi na zinki zilizokuwa zimegunduliwa pale miaka minne kabla. Haikuishia hapo, maana macho ya wenye mitaji yalikuwa kwenye shaba ya Katanga, kusini mwa Kongo. Mwaka 1909 ikavuka mpaka na kuingia Kongo kwa Sakania, ikapita Mokambo, na mwaka 1910 ikafika Élisabethville, mji tunaoujua sasa kwa jina la Lubumbashi.

Mokambo lilikuwa jina dogo kwenye ramani hiyo, kituo cha reli kando ya mpaka. Ng'ambo yake tu iko Mufulira ya Zambia, na malori ya shaba hupita hapo hadi leo. Mpaka wenyewe ulichorwa mwaka 1894 kwa makubaliano ya Waingereza na Mfalme Leopold wa Pili. Kalamu ikaikata nchi ya Walamba vipande viwili bila wao kuulizwa. Wa upande huu walijikuta chini ya Wabelgiji na wa upande ule chini ya Waingereza, lakini Mungu wao aliendelea kuwa mmoja, na jina lake Lesa.

Nimeanza na reli kwa sababu ndiyo iliyoleta migodi, na mgodi mmoja kwenye njia hiyo ulitoa mfupa ambao ulitikisa vitabu vya Ulaya. Tangu hapo watu wa ukanda huu wa shaba, Wakongo na Wazambia, wamekuwa na sehemu yao katika ugomvi mkubwa wa karne mbili zilizopita: je, binadamu aliumbwa na Mungu kama alivyo, au alitokana na viumbe waliomtangulia kwa mageuko ya muda mrefu? Wengi wanadhani ugomvi huu ni wa Wazungu wenyewe kwa wenyewe, na kwamba sisi tuliusikia kwa mbali. Sivyo. Mwafrika alitiwa katikati yake tangu mapema, na aliingizwa kwa namna ya kuumiza. Nadhani hapo ndipo ilipo sababu inayofanya neno "mageuko" liwachome watu wengi hadi leo.

Walamba walikuwa na maelezo yao kabla mwalimu yeyote hajafika. Clement Doke, mmisionari Mbaptisti aliyeishi Kafulafuta kuanzia mwaka 1914 na kujifunza lugha yao vizuri kuliko mgeni yeyote wa wakati wake, aliyakusanya masimulizi yao na kuyachapisha katika kitabu mwaka 1931. Humo yumo Luchyele, jina jingine la Mungu, aliyepita akitokea mashariki kuelekea magharibi huku akiipanga nchi: mito, vilima, vichuguu, miti na majani. Habari ya kuumbwa inapita upesi. Habari inayokaa na kusimuliwa kwa undani ni ya mauti. Wajumbe walitumwa kwa Lesa kuomba mbegu za kupanda. Wakapewa vifurushi, na kimoja kati ya hivyo wakaonywa wasikifungue. Njiani hamu ya kujua ikawashinda, wakakifungua, na mauti ikatoka humo.

Simulizi hilo linatuonyesha swali lililowasumbua wazee wa nchi hii. Hawakukesha wakiuliza kama mtu na nyani ni ndugu. Waliuliza kwa nini mtoto anakufa, na ni nani aliyeifungulia mauti mlango. Mtu akilisahau swali hilo hataelewa kwa nini wahubiri walipata watu wengi huku na wanasayansi wakapata wachache.

Mwaka uleule reli ilipofika Broken Hill, yaani 1906, Mkongo mmoja aliwekwa ndani ya banda la nyani huko New York. Jina lake Ota Benga, kijana Mbuti. Aliyempeleka Marekani ni Samuel Phillips Verner, ambaye zamani alikuwa mmisionari wa Kipresbiteri huko Kasai. Kwa maneno yake mwenyewe, Verner alimnunua kutoka kwa wauza watumwa. Kwanza alimwonyesha kwenye maonyesho makubwa ya St. Louis mwaka 1904. Miaka miwili baadaye, mwezi Septemba, Bustani ya Wanyama ya Bronx ikamweka katika nyumba ya nyani pamoja na orangutangu, na maelfu ya watu wakaja kumtazama. Mkuu wa bustani, William Hornaday, aliyaita hayo maonyesho ya elimu. Katibu wa shirika lililoimiliki bustani alikuwa Madison Grant, mtu ambaye miaka kumi baadaye angeandika kitabu cha kutukuza ubora wa Wazungu wa kaskazini.

Waliosimama kumtetea walikuwa wachungaji Weusi wa Kibaptisti, wakiongozwa na James H. Gordon, aliyesimamia nyumba ya mayatima Weusi huko Brooklyn. Hoja zao zilikuwa mbili, na walizitoa pamoja. Ya kwanza, kwamba watu wao walikuwa wamedhalilishwa vya kutosha, haikuhitajika tena mmoja wao afungiwe na nyani. Ya pili, kwamba maonyesho yale yalikusudiwa kuthibitisha nadharia ya Darwin, na nadharia hiyo, kwa macho yao, ilipingana na Ukristo. Walishinda. Kabla mwezi haujaisha Benga alikabidhiwa kwao. Baadaye akahamia Lynchburg, Virginia, akasoma kidogo, akafanya kazi katika kiwanda cha tumbaku, huku akitamani kurudi kwao. Vita vya Ulaya vikakata njia za meli. Tarehe 20 Machi 1916 alijiua kwa bastola. Shirika la bustani ile liliomba radhi mwaka 2020, miaka 114 baada ya tendo lenyewe.

Ninawaheshimu wachungaji wale. Waliona upesi kile ambacho maprofesa hawakutaka kukiona, kwamba nadharia ya asili ya viumbe imegeuzwa kuwa ngazi, Mzungu amewekwa juu, nyani chini, na Mwafrika akapangiwa mahali karibu na nyani. Mtu anayewekwa kwenye ngazi hiyo ana haki ya kuikataa kwa nguvu zake zote. Lakini hoja zao mbili zilifungwa pamoja hivi kwamba kuikataa dharau kukawa sawa na kuyakataa mageuko, na fundo hilo limedumu karne nzima.

Tuirudie reli. Broken Hill palikuwa na kilima chenye pango lililojaa mifupa ya wanyama. Wachimbaji waliingia humo kutafuta madini, na kwa kuwa mifupa yenyewe ilikuwa imenyonya zinki na risasi, mingi iliishia tanuruni. Hatujui ni nini kiliyeyushwa humo. Tarehe 17 Juni 1921 Tom Zwigelaar, mchimbaji kutoka Uswisi, pamoja na mfanyakazi Mwafrika ambaye jina lake halikuandikwa na mtu, waliona fuvu likiwatazama kutoka ukutani mwa machimbo. Lilikuwa zima kwa kiasi cha kushangaza. Matuta ya mfupa juu ya macho yalikuwa makubwa kuliko ya mtu yeyote aliye hai. Paji lilikuwa limelala. Meno mengi ya juu yalikuwa yameoza, na ubavuni mwa kichwa kulikuwa na tundu. Ubongo ulioishi ndani ya fuvu hilo ulikuwa wa karibu sentimita za ujazo 1,280, si mbali na wetu.

Kampuni ya mgodi ikalipeleka London. Mwezi Novemba 1921 Arthur Smith Woodward wa Jumba la Makumbusho la Uingereza akalitangaza katika jarida la Nature na kulipa jina Homo rhodesiensis, mtu wa Rhodesia. Lilikuwa fuvu la kwanza la binadamu wa kale wa aina hiyo kupatikana Afrika. Darwin alikuwa ameandika tangu mwaka 1871 kwamba huenda chimbuko la binadamu ni bara hili, lakini wataalamu wengi walipendelea kulitafuta kwingine. Woodward mwenyewe alikuwa na fuvu jingine alilolipenda zaidi, lile la Piltdown, lililodaiwa kupatikana Uingereza mwaka 1912. Hilo lilikuwa na ubongo mkubwa na taya la kinyani, yaani kila kitu ambacho Mwingereza wa wakati ule angetamani kwa babu yake wa kwanza.

Fuvu la Kiafrika halikupokelewa kwa heshima kama hiyo. Mwaka 1928 W. P. Pycraft, mtaalamu wa jumba hilohilo, alidai kwamba mtu wa Broken Hill alitembea ameinama, akamtungia hata jina jipya la kisayansi la kuonyesha kuinama huko. Kumbe alikuwa ameusoma vibaya mfupa wa nyonga. Mtu yule alisimama wima kama mimi na wewe. Kosa la Pycraft ni dogo katika historia ya sayansi, lakini ni kubwa katika habari hii, kwa sababu mfupa haukusema neno lolote la kumdhalilisha mtu. Msomaji wa mfupa ndiye aliyemwinamisha.

Na Piltdown? Mwezi Novemba 1953 wataalamu watatu wa Uingereza walithibitisha kwamba ulikuwa udanganyifu mtupu: fuvu la binadamu limeunganishwa na taya la orangutangu, meno yakakwanguliwa kwa tupa na mfupa ukatiwa rangi. Walioufichua uongo huo hawakuwa wapinzani wa mageuko. Walikuwa wanasayansi wa mageuko, wakitumia vipimo vyao wenyewe. Anayelitaja Piltdown mimbarani kuwa ushahidi kwamba nadharia yote ni uongo, na wapo wanaofanya hivyo, angewatendea haki wasikilizaji kama angewaambia pia ni nani aliyeufichua.

Mwaka 1925 unastahili kutazamwa peke yake. Mwezi Februari mwanasayansi Raymond Dart alitangaza fuvu la mtoto wa Taung, lililotoka kwenye machimbo ya chokaa ya Afrika Kusini, na wakubwa wa London wakalikataa, wengine kwa kuwa halikufanana na Piltdown. Mwezi Julai mwalimu John Scopes alihukumiwa huko Dayton, Tennessee, kwa kufundisha kwamba binadamu ametokana na wanyama. Mwaka huohuo Wasalesiani, watawa wa Kikatoliki waliokuwa wamefika Élisabethville tangu 1911, walikabidhiwa rasmi eneo la Luapula ya Juu, ambamo Sakania na Mokambo zimo, na makao yao yakawa Kafubu chini ya Padri Joseph Sak, baadaye Askofu. Na mwaka huohuo Tomo Nyirenda, kijana kutoka Nyasaland aliyelibeba fundisho la madhehebu ya Watch Tower na kujiita Mwana Lesa, alikuwa akibatiza watu mitoni katika nchi ya Walala, upande wa Waingereza, kisha akavuka mpaka na kuingia Katanga. Aliyeshindwa kuzama barabara wakati wa ubatizo alitangazwa mchawi, akauawa. Nyirenda alinyongwa mwaka 1926, baada ya kuwaangamiza watu wengi pande zote mbili za mpaka.

Tazama tofauti. Tennessee walibishana juu ya mwanzo wa binadamu. Huku watu walimkimbilia mtu aliyeahidi kuwaondolea kifo na wachawi, swali lilelile la kifurushi. Ndiyo maana sidhani kwamba mahakama ya Dayton ilivuma sana katika kambi za wachimba shaba.

Elimu ya Katanga ilikuwa mikononi mwa Kanisa Katoliki kwa sehemu kubwa, na msimamo wa Roma haukuwa ule wa Tennessee. Tarehe 12 Agosti 1950 Papa Pius wa Kumi na Mbili, katika waraka Humani Generis, aliruhusu wasomi wachunguze kama mwili wa binadamu umetokana na viumbe vilivyotangulia, akisisitiza kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Mwaka 1996 Yohane Paulo wa Pili alikwenda mbele zaidi na kukiri kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tupu. Mkatoliki wa Mokambo anayedhani imani yake inamlazimu kuyakana mageuko amefundishwa jambo ambalo mapapa wake hawakulisema.

Katika habari hii yumo padri mmoja ninayetamani ajulikane zaidi kwetu. Georges Lemaître, Mbelgiji, alipewa upadri mwaka 1923 na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Louvain, kilekile kilichoanzisha Chuo Kikuu cha Lovanium huko Kinshasa mwaka 1954. Ndiye aliyesema kwamba ulimwengu unatanuka na kwamba ulianza kutoka hali moja ndogo, iliyosongamana mno. Mwaka 1951 Pius wa Kumi na Mbili alipotoa hotuba iliyoelekea kuona katika fundisho hilo uthibitisho wa uumbaji, Lemaître hakufurahi. Aliona kwamba hesabu za nyota haziwezi kumthibitisha Mungu wala kumkanusha, na kwamba imani isijengwe juu ya nadharia ambayo kesho inaweza kurekebishwa. Aliendelea kusali misa na kuandika hesabu zake mpaka alipofariki mwaka 1966.

Ugomvi wenyewe hasa, kwa sura tunayoijua leo, ulitujia na makanisa ya kiinjili. Mfano unaojulikana zaidi katika Afrika Mashariki ni wa Nairobi. Mwaka 2006, Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalipokuwa yakikarabatiwa, Askofu Boniface Adoyo aliwaongoza Wakristo wa kiinjili kutaka mifupa ya kale ya Mvulana wa Turkana isipewe mahali pa mbele. Richard Leakey, mtafiti wa mifupa ya kale, alijibu kwa ukali. Mifupa ilibaki, na jumba lilipofunguliwa watu waliiona. Magazeti yaliupamba mgogoro huo kuwa vita ya Leakey na askofu, yakamsahau Kamoya Kimeu, Mkenya aliyeuona mfupa wa kwanza wa mvulana huyo huko Nariokotome mwaka 1984, mtaalamu ambaye macho yake yaliwashinda wasomi wenye shahada. Wengi wamesahau pia kwamba Louis Leakey, baba yake Richard, alizaliwa Kabete katika nyumba ya wamisionari wa Kianglikana na ujanani alikusudia kuwa mmisionari mwenyewe.

Kwa upande wangu naamini mageuko yametokea, na sioni kwamba jambo hilo limemfukuza Mungu. Anayetaka ushahidi hahitaji kwenda London. Kwenye vilima vya shaba vya Katanga, udongo una sumu inayoua mimea ya kawaida, lakini mimea fulani imestawi humo na baadhi haipatikani kokote kwingine duniani. Mmoja wao, Haumaniastrum katangense, uliwasaidia watafuta madini kujua palipo na shaba, na huota hata juu ya mabaki ya tanuri ambamo wazee wetu waliyeyusha shaba ya misalaba. Mbegu zilizoangukia udongo ule zilikufa kizazi baada ya kizazi. Zile chache zilizoweza kuvumilia zikazaa, na watoto wao wakarithi uvumilivu huo. Hivyo ndivyo mageuko yanavyofanya kazi, na siri nyingine haipo.

Damu yetu inasimulia vivyo hivyo. Ugonjwa wa selimundu, ambao huko Kongo wengi huutaja kwa herufi mbili tu, SS, umekaa katika nchi zenye malaria kwa sababu anayerithi chembe yake ya urithi kutoka kwa mzazi mmoja tu hukingwa na malaria kali, na anayeirithi kwa wote wawili ndiye huugua. Anthony Allison, daktari aliyelelewa Kenya, alilionyesha hilo mwaka 1954. Leo wachumba wa Lubumbashi wanaopima damu kabla ya kufunga ndoa kanisani wanatumia elimu ya mageuko, hata kama mchungaji wao hajawahi kulitamka neno hilo kwa wema. Wanapima ili mtoto asife. Wazee wa Walamba wangelielewa swali hilo mara moja.

Ngazi ile ya kudhalilisha watu imevunjika, na walioivunja ni wanasayansi waliorudia kuipima mifupa. Mwezi Aprili 2020 Rainer Grün na wenzake walitangaza kwamba fuvu la Kabwe lina umri wa miaka 299,000 hivi. Huko Jebel Irhoud, Moroko, kulikwishapatikana mifupa ya watu wa jamii yetu ya miaka kama 315,000. Kwa hiyo mtu wa Kabwe hakuwa daraja la chini ambalo sisi tulipandia. Aliishi wakati mmoja na watu wa awali wa jamii yetu, tawi jirani katika Afrika iliyokuwa na matawi mengi. Na binadamu wote walio hai, Mwingereza na Mlamba, ni wa tawi moja lililochipuka katika bara hili.

Walimu wa Mokambo, wa Sakania na wa Mufulira wanayo haki ya kuwafundisha watoto habari hii kama historia ya ardhi wanayoikanyaga, na wachungaji wanayo haki ya kuendelea kumtaja Muumba bila kuiogopa. Kilichobaki ni deni. Zambia imelidai fuvu lake tangu miaka ya 1970, na shauri limefikishwa UNESCO. Lusaka kuna nakala tu. Fuvu lenyewe lingali London.